Kifungo Chenye Uzi wa Nyavu

Kitu cha kwanza alichokiona Umuhire kilikuwa kifungo cha shati.

Hakikuwa kwenye shati. Kilikuwa kwenye gitaa kavu la zamani, lililotundikwa msumarini juu ya meza ya fundi pamoja na magitaa mengine yaliyosubiri zamu. Uzi mwembamba kuliko zote ulipita kwenye tundu la daraja, na nyuma ya daraja ulishikiliwa usichomoke na kifungo kidogo cheupe chenye matundu manne.

"Karibu, afande," alisema Mugabo, mwenye duka, akiinuka nyuma ya kaunta. Alikulia Tanzania, upande wa Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. "Uzi wa kwanza, kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Sijaona mtu anayekata nyuzi kama wewe. Hata wale wa baa hawakufikii. Hilo gitaa lako unalipiga au unalichapa?"

Umuhire alikitazama tena kile kifungo. Alikuwa mpelelezi wa wilaya, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, na watu wengi walidhani kunyamaza kwake ni mbinu ya kazi.

Duka lilikuwa Nengo, mjini Gisenyi, juu kidogo ya barabara ya ziwani. Mbele kulikuwa na magitaa mapya, maspika na vinanda vya korali. Katikati ilikaa meza ya fundi Bizimana. Nyuma, mlango wenye pazia uliingia kwenye chumba cha mafunzo, na humo msichana wa korali alikuwa akipiga wimbo mmoja kwenye kinanda, anakwama, anaanza upya, anakwama palepale. Kando ya pazia kulikuwa na kibao: DARASA LA GITAA, JUMANNE NA ALHAMISI. MWALIMU: JUVÉNAL.

"Hujakiondoa," alisema Umuhire.

"Nitakiondoa Jumapili. Wakishamaliza wao Jumamosi, na mimi nitakiondoa."

Wote wawili walijua Jumamosi kuna nini. Juvénal alivuka mpaka kwenda Goma mwezi wa Januari kupiga gitaa kwenye harusi, na kabla hajarudi mabomu yakaanza. Tangu hapo simu yake imezima. Hakuna aliyeona maiti yake, na hakuna aliyemwona hai. Sasa baba yake mdogo, mzee Sebahire, ameita ukoo wafunge kilio: watu wataketi, watakunywa kidogo, watamuaga marehemu, na nyumba itarudi kwenye kazi zake. Baada ya hapo hatatafutwa tena, wala na ukoo wala na ofisi. Mama yake tu, Nyirabagenzi, ndiye aliyekataa. Aliambiwa alete dalili moja kwamba mwanawe anaishi. Alikwenda ofisini, akaketi mbele ya Umuhire, akasema hivyo hivyo: nitafutie dalili moja.

Leo ilikuwa Alhamisi. Umuhire hakuwa na ruhusa ya kupeleleza ng'ambo ya mpaka. Alichobaki nacho ni upande huu, na upande huu Juvénal alikuwa na mahali pawili tu, kwa mama yake na dukani.

"Fundi," alisema Umuhire, "niteremshie gitaa lile."

Bizimana alilitoa msumarini. Alikuwa mzee mwembamba, alizaliwa Goma na kuzeekea Gisenyi, na miwani yake ilifungwa kwa uzi wa besi.

"Hii? Hii ni gitare ya masikini tu."

"Kifungo hiki ni cha nini?"

Bizimana akacheka. "We afande, kumbe ulikuya juu ya kifungo! Hiyo haiko kitu. Uzi ikikatika na duka iko mbali, unachukua waya moja ndani ya kamba ya frein ya velo, unaifunga ku kifungo. Inakamata mpaka Yesu arudi. Juvénal njo alitufundishaka sisi wote. Nusu ya mji inafunga hivi."

Alivuta mkebe wa maziwa ya unga, akaumwaga mezani. Vifungo vya kila rangi vikatawanyika kama njugu, vyote vya magitaa aliyowahi kuyabadilishia nyuzi.

"Chagua yako," alisema.

Umuhire aliviangalia, akachambua vichache kwa kidole. Vyote vilikuwa vitupu. Akawasha taa ya simu, akainama juu ya kile cheupe nyuma ya daraja. Waya wa baiskeli ulipita kwenye matundu mawili. Katika matundu mawili mengine kulikuwa na kipande cha uzi wa buluu, mnene, uliokatwa upande mmoja. Upande wa pili ncha yake haikuchambuka. Ilikuwa imeyeyuka ikawa kinundu kigumu, cheusi, kama kichwa cha pini.

Alikaa ameinama muda mrefu kiasi kwamba Mugabo alikohoa.

Kisha akafungua picha kwenye simu na kuiweka juu ya kioo cha kaunta. Aliipiga wiki iliyopita huko Rugerero, nyumbani kwa Nyirabagenzi. Ilionyesha kitanda, na juu ya kitanda mashati ya Juvénal. Kila shati lilikosa kifungo cha chini kabisa, kile kinachofichwa ndani ya suruali. Vifungo vilivyobaki vilishonwa kwa uzi wa buluu. Marehemu mumewe Nyirabagenzi alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, alimwachia bobini nzima ya uzi wa nyavu, na mama huyo hakushona na kitu kingine. Kila alipomaliza kushona alichoma ncha kwa kiberiti ili isifumuke. "Uzi ya duka inakatika," alimwambia Umuhire siku ile. "Uzi ya samaki inabaki."

Mugabo alitazama picha, akatazama gitaa. Alivua kofia.

"Gitaa hili limetoka wapi?" Umuhire aliuliza.

"Nyakiriba. Kanisa moja la huko."

"Lipi?"

"Lile la juu. Karibu na shule."

"Nimezaliwa Nyakiriba, mzee. Kanisa la karibu na shule lina ngoma na kinanda. Mchungaji wake akisikia gitaa anafunga dirisha."

Nyuma ya pazia kinanda kilikwama palepale.

"Limetoka Goma," alisema Mugabo. "Afande, usinichukulie vibaya. Halina karatasi ya forodha, na mimi nina watoto. Vestine ndiye anayeleta, yule muuza karoti. Huko mafundi wametawanyika, basi makanisa yanampa yeye magitaa, na sisi tunatengeneza. Hilo anakuja kulichukua kesho."

"Karatasi za forodha si kazi yangu."

"Basi yuko hai!" Mugabo aligonga kaunta. "Shati lake liko Goma, naye yuko Goma!"

"Shati liko Goma," alisema Umuhire. "Shati la mtu aliyekufa pia huvaliwa."

Mugabo akarudisha kofia kichwani polepole.

Umuhire akamgeukia fundi. "Ulipolipokea lilikuwaje?"

"Daraja ilikuwa inatoka gundi. Kazi ndogo. Lakini kitu moja ilinikasirisha." Bizimana aligeuza gitaa, akaonyesha kichwa chake. "Angalia ku vigingi. Uzi imezunguka, mzunguko moja chini ya ingine, hakuna inapanda juu ya mwenzake. Wanafunzi ya Juvénal hawakuweza hii. Hata mi nikijaribu nachoka. Yeye tu."

"Kwa hiyo ni mkono wake."

"Bon, ngoja. Sikia sasa."

Akapitisha dole gumba juu ya nyuzi zote. Sauti ilikuwa mbaya, kama sufuria zilizoanguka. Nyuma ya pazia msichana wa korali akacheka kwa sauti.

"Wewe cheza yako!" Bizimana alimkaripia. Kisha kwa sauti ya chini, "Juvénal hawezi kuacha gitare hivi. Awe na malaria, awe mulevi, hawezi. Alikuwaka anashuka ku pikipiki katikati ya barabara, sababu alisikia gitare ya mutu mwingine haiko mu accord, nyuzi hazipatane. Donc, haiko yeye."

"Labda nyuzi zililegea njiani."

"Safari inaregeza, ndiyo. Hizi hazikuregea. Bonyeza."

Umuhire alibonyeza uzi mmoja mmoja. Zote zilimrudishia kidole kwa nguvu moja.

"Umeona? Zote ngumu sawasawa. Aliyefunga alipima na kidole, hakupima na sikio. Sawa mutu alitia chumvi mu chakula bila kuonja."

"Mkono wa Juvénal," alisema Umuhire. "Sikio la mtu mwingine."

"Njo vile. Mi nilisema ni mwanafunzi mwenye kujidai."

"Mwanafunzi angefunga vibaya na kusikia vizuri. Huyu amefunga vizuri." Alitoa mfuko mdogo wa plastiki. "Nitolee uzi huu mmoja na kifungo chake. Nyingine usiziguse, na usizirekebishe mpaka nirudi."

Fundi alifanya alivyoambiwa. Mugabo alikuwa ameshatoa uzi wa kwanza kwenye kabati, akautia kwenye pakiti yake.

"Juvénal ndiye aliyekuwa anakufungia," alisema. "Anauzungusha kwenye vidole vyake hadi unakuwa kama pete, halafu anakuuliza umefika wapi na masomo yako. Mimi sijui kuzungusha hivyo, nisamehe. Na ulikuwa unakuja Alhamisi tu. Hata mvua inyeshe."

"Leo ni Alhamisi," alisema Umuhire. Akachukua pakiti, akatoka.

*

Vestine alikuwa barrière ndogo, mahali wanapovukia mpaka waenda kwa miguu, ameketi juu ya beseni lake lililopinduliwa. Karoti zilikuwa zimeisha. Alikuwa anakula hindi la kuchoma na kuangalia foleni ya jioni ya watu wanaorudi kutoka Goma. Alipomwona Umuhire hakusimama.

"Afande wa nyuzi! Mugabo alinipigia tayari. Alisema nisikimbie. Na haya mapaja nitakimbia niende wapi?"

Umuhire alichuchumaa kando yake. "Unavushaje magitaa?"

"Ku mugongo, na kitenge, sawa mutoto. Siku ya kwanza askari aliniuliza: mama, mutoto gani huyu iko na shingo refu hivi? Nikamuambia: baba yake alikuwa twiga." Akacheka mpaka punje za hindi zikamtoka. "Nilimufungulia, akaona, akacheka, akaniacha. Sasa akiniona ananiuliza twiga iko muzima?"

"Lile ulilompelekea Mugabo juzi, nani alilifunga nyuzi?"

"Ah! Ule Bwana Kiburi."

"Nani?"

"Iko pale ku kanisa. Banamupatia chumba nyuma, anafunga magitare ya korali, anafundisha batoto. Banamuita Maître. Mi namuita Bwana Kiburi. Unamusalimia, hajibu. Unarudilia, hajibu! Mutu anakaa mu nyumba ya Mungu na hawezi kusema hata bonjour."

Umuhire alitoa simu, akamwonyesha picha ya Juvénal. Ilikuwa ya harusini: suti, ndevu zimenyolewa, mashavu yamejaa.

Vestine alifuta mikono kwenye kitenge, akaisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu iko na mashavu. Ule haiko na mashavu. Iko na ndevu mpaka hapa." Akatikisa kichwa. "Sijue. Nikikuambia ndiyo nitakudanganya, na nikikuambia hapana nitakudanganya."

"Alifika lini pale?"

"Kisha ya mabomu. Alikuya na kitambaa ku kichwa, imezunguka hivi, mpaka ku masikio. Mama muchungaji alimuokota ku barabara. Hana karatasi, hana simu, hana kitu."

"Kiburi chake kingine ni kipi?"

"Kingine?" Vestine alifurahi kuulizwa. "Sikia. Siku moja niko napita na karoti. Kamio ya mizigo inakuya nyuma yake, inapiga honi, inapiga honi, barabara yote inaruka. Yeye? Anatembea katikati, polepole, sawa chef anakagua shamba yake. Chauffeur akashuka, akamutukana mpaka mate ikaisha. Bwana Kiburi akageuka, akamuona, akainua kofia, akapita. Yampaye inka, naapa! Mi nilisema, huyu mutu, siku moja kiburi yake itamuua."

Umuhire hakucheka. Alishika mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya koti lake.

"Anafundishaje watoto?"

"Anakamata vidole vyao, anaviweka."

"Na anapokaza nyuzi? Hufanya nini?"

"Hapo njo kichekesho. Anainama, anaweka meno ku mbao ya gitare. Anapiga uzi na kidole, meno iko pale pale ku mbao, macho amefunga. Sawa mutu anakula gitare! Batoto banakufa na kucheka. Yeye hawakasirikie. Anaendelea tu."

Foleni ilisogea mbele. Mwanamke mmoja alipita na magodoro mawili kichwani na kumwita Vestine kwa jina, na Vestine akamjibu kwa tusi la kirafiki. Kisha akamwangalia Umuhire, na mdomo wake ukaacha kutafuna.

"Afande. Juu ya nini unaniangalia hivyo?"

"Si kiburi," alisema Umuhire.

Vestine alifikiri. Aliweka hindi chini, kando ya beseni.

"Mungu yangu," alisema. "Na mi nilimusemaka mbele ya bantu."

"Kesho, ukilirudisha gitaa, utampa yeye mwenyewe mkononi. Si mchungaji, si mtoto. Yeye. Na usimwite. Simama mbele yake akuone."

"Nitasimama," alisema Vestine. "Nitasimama mpaka anione."

*

Huko Rugerero madumu ya pombe ya ndizi yalikuwa yamekwisha kupangwa kando ya ukuta wa nyumba, na viti vya kukodi vimelazwa kimoja juu ya kingine. Nyirabagenzi alikuwa ameketi mlangoni, ameyapa mgongo yote hayo. Alikuwa mwanamke mrefu, na hata akiketi alionekana amesimama.

"Karibu, mwana," alisema. "Ulikuya na dalili, ama ulikuya na pole?"

Umuhire aliketi kwenye mkeka, akatoa mfuko, akamwagia kile kifungo kwenye kiganja chake. Waya ulikuwa bado umekishikilia.

Mama hakukiangalia. Alikipitishia dole gumba. Dole likafika kwenye kinundu cheusi, likasimama.

"Hii njo kiberiti yangu," alisema.

"Mama, nitakuambia ninachojua, halafu nitakuambia ninachodhani. Usivichanganye."

"Sema."

"Ninachojua ni kwamba kifungo hiki kimetoka kwenye shati ulilolishona wewe, na kimefungwa kwenye gitaa huko Goma hivi karibuni. Waya hauna kutu. Aliyelifunga ana mkono wa Juvénal. Fundi Bizimana amesema hakuna mwingine anayeweza, na Bizimana hakutaka kuniambia hivyo. Kuna mtu pale kanisani asiye na karatasi, alifika baada ya mabomu na jeraha la kichwa."

"Na unachodhani?"

"Ninadhani ni yeye. Na ninadhani hasikii."

Nyirabagenzi alikunja vidole juu ya kifungo.

"Hata kidogo?"

"Anaweka meno kwenye mbao ili ajue uzi unasema nini. Na bado hajui vizuri. Gitaa lilikuja likiwa halina sauti nzuri."

 Uani, kuku alipanda juu ya viti vya kukodi, akateleza, akapanda tena.

"Jambo moja silijui," alisema Umuhire. "Vestine anavuka kila siku. Angeweza kumpa neno. Kwa nini hakutuma?"

"Hiyo haiko upelelezi," alisema Nyirabagenzi. "Hiyo ni mimi najua. Siku anaondoka alisimama hapo ulipo, na gitare ku mugongo. Miaka yote nilimukatalia kupiga gitare mu nyumba hii, nikisema ni kitu ya baa. Siku ile, sijue ni nini ilinipata, nikamuambia: ukirudi, Jumapili, unipigie ile wimbo baba yako aliimbaka akiwa anatengeneza nyavu. Alifurahi! Alivuka barabara anaruka sawa mutoto. Ni mara ya kwanza nilimuomba." Akafungua mkono, akaangalia kifungo sasa. "Donc, atarudi na nini? Anangojea masikio irudi kwanza. Namujua. Atangojea mpaka azeeke."

Umuhire alirudisha simu mfukoni.

"Na mi nilimupigiaka kelele!" Ghafla mama alicheka, cheko fupi lililomtoka puani. "Vifungo! Kila siku vifungo! Nashona asubuhi, jioni imepotea. Nilimuambia utaenda kanisa na tumbo wazi. Sasa nitamupigia kelele na nani asikie?"

Simu ya mama iliita. Ilikuwa sauti ya mzee Sebahire, kubwa kiasi cha kusikika mkekani. Aliuliza kama viti vimefika, na kama pombe inatosha.

"Viti vimefika," alisema Nyirabagenzi. "Sebahire, sikia. Jumamosi mukuye, wote. Lakini hakuna mutu atafunga kilio mu nyumba yangu. Mutoto iko. ... Nilisema iko. ... Dalili iko ku mukono yangu. ... Hapana, pombe usirudishe. Ulishaona wapi bantu banarudisha pombe?" Akakata.

Aliingia ndani. Alirudi na shati jeupe la Jumapili, lile ambalo halikuwemo kitandani siku ya picha. Lilikuwa na vifungo vyake vyote. Alikuwa amelificha tangu zamani ili mwanawe awe na shati moja zima. Akachukua kisu cha jikoni, akakata kifungo cha chini kabisa, akakiacha na kipande cha uzi wa buluu na ncha yake iliyochomwa.

"Fundi akifunga uzi mupya, aweke hii. Haihitaji maneno. Mutoto atashika, atajua mimi najua."

"Nitampa leo." Umuhire alikipokea kwa mikono miwili. "Na kesho asubuhi nitapeleka namba ya kitambulisho chake barrière, waitafute kwenye mashine. Akifika bila karatasi wamjue. Lakini ni lazima afike mwenyewe, mama. Mimi siwezi kwenda kumchukua."

"Atafika. Sasa hana kitu ya kuficha."

Umuhire alifungua begi kutafuta mfuko mwingine wa plastiki. Pakiti ya uzi wa gitaa ilianguka mkekani, na chini ya begi zikaonekana nyingine, za zamani, hazijafunguliwa. Aliiwahi ile iliyoanguka, lakini Nyirabagenzi alikuwa ameshamkamata mkono. Akaugeuza. Akapitisha dole gumba kwenye ncha za vidole vyake, kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa kifungo.

"Mupiga gitare anakuwaka na ngozi ngumu hapa," alisema. "Ya mwanangu ilikuwa sawa kwato. Yako ni laini, afande. Sawa ya mutu anashika kalamu tu."

Umuhire hakuuvuta mkono.

"Nilikuya ofisini nikaona watu tatu," mama aliendelea. "Wakubwa wako. Kila mutu aliniambia polisi ya Goma njo kazi yao. We ulikuwa umekaa nyuma, ukasimama bila kuitwa. Nikasema moyoni, serikali haitafute mutu hivi. Unapiga gitare tangu lini?"

Kuku aliteleza tena kutoka kwenye viti. Barabarani pikipiki ilipita, ikaenda na sauti yake hadi ikaisha.

"Sina gitaa, mama," alisema Umuhire. "Sijawahi kuwa nalo. Nilikuwa nanunua nyuzi ili anifungie yeye, kwa mkono wake."